Dai la Kwanza

Daejeon, ghorofa ya kumi na tatu.
Kiyoyozi kinakohoa kama karani anayengoja pensheni.
Chini, miti ya ginko imemwaga dhahabu yake yote barabarani,
na tunda lake, mnisamehe, linanuka soksi:
la kuvunda halina ubani.

Jalada la leo: kurasa arobaini na moja, michoro sita.
Mwombaji ni Tak Byeong-ho, wa Gumi,
fundi mstaafu wa kiwanda cha televisheni.
Hana kampuni. Wakili wake ni mpwa wake.

Dai la kwanza limeandikwa kwa pumzi moja,
maana desturi yetu haitaki nukta katikati ya dai:
mbinu ya kusimamia miunganisho ya vifaa mtandaoni,
ambamo ruta hukiita kila kifaa kwa zamu,
na kifaa kisichoitika mara tatu
hakifutwi katika orodha,
bali huhamishiwa jedwali la kungojea,
kikitunziwa namba yake
hadi kitakapoamka.

Hakifutwi.
Nimelizungushia neno hilo penseli.

Kazi yangu si kusifu, ni kufukua.
Kila asemaye "nimeanza mimi"
namtafutia aliyemtangulia.
Nimempata mmoja wa Osaka, mwaka tisini na nane:
anaita mara tatu, kisha anafuta, hana huruma.
Nimempata mwingine wa Finlandi:
anatunza namba, lakini kwa saa moja tu.
Sasa niwaunganishe hawa wawili,
nimwulize yule fundi wa kawaida wa kisheria,
ajuaye yote yaliyochapishwa duniani
na asiyewahi kubuni hata kizibo cha chupa:
wewe ungeliona hili?
Hajazaliwa mtu huyo, wala hatazaliwa,
lakini ndiye ninayeshinda naye kutwa.
Anajibu: ningeliona.
Hujibu hivyo karibu kila siku.

Kuna mwingine aliyemtangulia Bwana Tak,
ila siwezi kumtaja kwenye hati.
Yuko Yeongju, ana miaka sabini na sita,
na kila usiku, saa tatu kamili, anampigia kaka yangu.
Mara tatu. Haitikiwi.
Mwaka wa sita huu.
Bakuli la Jun-seop lipo kabatini, limefunikwa,
kijiko chake juu yake,
na ole wake mgeni atakayekishika.
Mama hakuchapisha popote. Hakuchora mchoro.
Mkuu wangu, Bwana Ok, angeniuliza:
tarehe ya kutangazwa kwake ni ipi?

Basi nikashuka hadi dai la nne,
lile ambalo wengi hulipitia wakipiga miayo.
Humo Bwana Tak anasema
kifaa kikiamka kisilazimishwe kujieleza upya,
kisiulizwe nywila wala kilikokuwa;
ruta ndiyo itangulie kusalimu.

Nimetafuta siku tatu.
Kijapani, Kijerumani, hata mafaili ya zamani
yaliyopigwa picha vibaya, yana vivuli vya vidole.
Hakuna.
Fundi wa kawaida nimemwuliza mara mbili.
Amenyamaza, anatazama dirishani.

Nikaandika:
Dai la kwanza hadi la tatu yanakataliwa.
Dai la nne laweza kukubalika
likiandikwa upya, lisimame peke yake.
Mwombaji ana miezi miwili ya kujibu.
Sahihi: Maeng Hye-won, mkaguzi.

Kwenye basi la kurudi nyumbani
kioo kilikuwa na ukungu, dereva alikuwa na mafua.
Nikafungua ile namba.
Ujumbe wangu wa mwisho, wa miaka minne nyuma,
ulikuwa na maswali tisa, yote yakianza na "kwa nini".

Nikaandika: Umekula?

Yeye sikumwekea muda.