Jino Moja

Bi. Havijawa, gari lako lilikuwa tayari saa kumi na moja.
Ulihesabu noti juu ya boneti,
ukaniachia na elfu mbili ya soda,
ukaikamata barabara ya Keko, taa moja ya nyuma imekufa,
nami nikabaki na kitambaa mkononi
nikisikiliza.

Lilikuwa linakohoa. Si sana.
Kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba mkopo.

Mkanda wako wa zamani bado uko hapa juu ya pipa.
Ukiukunja, mgongo wake umeota magaga
kama kisigino cha mwenye shamba.
Nilimwambia Zidadu: huu umezeekea kazini, usiutupe kwa dharau.

Kazi niliifanya ninavyoijua.
Jeki, tairi, puli, kava,
na ile bolti ya krenki iliyogoma
mpaka tukaivika bomba refu, tukaning'inia wawili.
Tundu la kamu juu, alama ya krenki chini kwenye sifuri,
nikavalisha mpya, nikaachia tenshena ivute.
Ilibaki kuzungusha injini kwa mkono mara mbili,
kutazama kama alama zinarudi kuonana.

Simu ikalia. Mwenye nyumba.
Nikasema naam, naam, mwisho wa mwezi, naam,
na ile mizunguko miwili niliyofundishwa kwa makofi
nikairuka.

Usiku Mtoni Kijichi feni inazunguka, mimi nahesabu meno.
Jino moja tu.
Gari haligomi kwa jino moja.
Linawaka, linakwenda, linakunywa,
likifika Kimara kwenye mlima linaomba gia ya chini.
Valvu inafungua mlango mgeni bado yuko kona,
inaufunga mgeni ana mguu mmoja ndani.
Nawe ungelaumu sheli. Ungesema wamechanganya mafuta ya taa.
Ungesema ni uzee, gari limechoka.
Hakuna ambaye angenitaja.

Hilo ndilo lililoniamsha,
hilo la kutotajwa.

Asubuhi nikakupigia: Lirudishe.
"Kuna nini tena, fundi?"
Nimekosea.
Ukanyamaza, nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Shilingi ngapi?"
Hakuna shilingi.
Ukanyamaza zaidi.

Ulikuja, ukakaa juu ya tairi lililolala, mkoba mapajani,
mikono umeikunja kama mkaguzi.
Bolti safari hii ilikubali mapema, iliona aibu pamoja nami.
Nikakuita. Ukavaa miwani, ukainama ndani ya joto.
Alama mbili, moja imempita mwenzake
upana wa nusu kucha.
"Hiki ndicho?"
Hicho ndicho.
"Kidogo hivi?"
Kidogo hivyo hivyo.

Nikaurudisha mkanda jino moja nyuma.
Zidadu akaja kushika spana, nikamzuia.
Nikakupa wewe.
Ulizungusha kwa mikono miwili, khanga imekudondoka begani,
injini ikawa inapumua kwa shida kila pistoni ilipopanda,
fyuu, halafu kimya, halafu fyuu,
na wewe ukapunguza mkono kana kwamba umeshika kitu kinachoumia.
Mara ya kwanza.
Ya pili.
Tundu likarudi mahali pake, sifuri ikakaa kwenye sifuri.
Hukusema kitu. Ulijifuta mikono kwenye kitambaa changu kichafu kuliko mikono.

Lilipowaka, halikukohoa.

Ile taa ya nyuma, Bi. Havijawa,
bado imekufa.
Hiyo utanilipa.