Isiporudi

Katibu amesema: hakiki anwani zote kabla ya Ijumaa,
mkutano wa chama hauwezi kusubiri watu wasiopatikana.
Basi nimekaa. Dirisha linatazama Barabara ya Boma,
mlima umejifunika tangu asubuhi,
nami naandika neno moja, Jaribio,
nabonyeza,
nangoja.

Zilizokufa hazikawii.
Nusu dakika tu, barua inarudi imebeba barua nyingine,
Kiingereza cha karani mwenye adabu zake:
samahani, mtu huyu hatumfahamu.
Nakata jina kwa wino mwekundu.
Nashukuru pia. Angalau nimejibiwa.

Ya Mzee Ndekirwa Lyatuu imerudi kwa sababu yake peke yake:
sanduku limejaa.
Tulimzika mwaka juzi kule Kibosho, mvua ikinyesha,
udongo umeng'ang'ania viatu kama mtoto anayekataa kuachwa,
na kumbe watu hawakukoma kumwandikia,
bei ya kahawa, matangazo ya mbolea, heri ya kuzaliwa,
hadi nafasi ikaisha.
Hata alipokuwa hai, kwake hakukuwa na kiti kilicholala bila mgeni.
Sikumkata.
Nimemwekea alama ya kuuliza, kwa penseli.

Zinazonisumbua ni hizi ambazo hazirudi.
Hazisemi ndiyo, hazisemi siyo.
Katibu hana shida nazo: isiporudi iko hai, weka tiki, endelea.
Lakini mimi nilifundishwa hodi mara tatu,
usipoitikiwa, geuza,
hata kama moshi unafuka jikoni.

Saa kumi wenzangu wakaenda chai.
Nikaandika anwani isiyokuwa kwenye orodha.
Yangu.
Ile ya kwanza kabisa, aliyonifungulia Anaeli
kwenye intaneti kafe ya karibu na mnara wa saa,
mia tano kwa nusu saa,
kompyuta ikiunguruma kama mashine ya kusaga:
jina langu, mwaka niliozaliwa,
na ile a iliyojizungushia mkia.
Begi lake lilikuwa tayari miguuni.
"Nikifika tu nitakuandikia."
Neno la siri akaliandika nyuma ya risiti ya duka la viatu,
akaikunja mara nne, akanipa.

Niliifua. Ndani ya mfuko wa sketi, Jumamosi ile ile.
Ikatoka uji mweupe, nikauanika kwenye jiwe
kana kwamba jua la Moshi linajua kusoma.
Kumtafuta nimwambie, niliona haya.
Haya zikawa mwezi, mwezi ukawa ndoa ya mtu mwingine,
watoto watatu, miwani hii.

Jaribio, nimejiandikia.
Nusu dakika.
Dakika tano.
Wenzangu wamerudi na harufu ya maandazi
na bado haijarudi.

Kwa hiyo mlango upo.
Mahali fulani kuna mlango wenye jina langu, na mimi ndiye niliye nje,
na ndani kuna barua za Anaeli miaka ishirini na mbili,
au moja,
au matangazo ya mbolea tu.

"Elinaike, umefika wapi?"
"Mia mbili na kumi, Katibu."

Nimefuta neno Jaribio, nimeandika Hodi,
nimebonyeza.
Hiyo ni ya pili.
Ya tatu naiweka.