Pindo

Zamani tangazo lilikaa kwenye kabati la kioo
nje ya ofisi ya halmashauri, hapa Newala.
Kioo kina vumbi, kufuli lina kutu,
na tarehe ya mwisho ilikuwa juzi.
Tulilisoma kama mtu anayesoma wosia wa jirani.
Nankondya alikuwa ameshajaza, ameshashinda,
ameshaleta mashuka kutoka Dar,
mepesi, unaona mkono wako upande wa pili.

Sasa wanasema kabati limehamia ndani ya simu.
Haya. Simu ni ya Fadhila, binti wa Somoe.
Kioo chake nacho kimepasuka.

Tuko saba na vyerehani vitatu.
Kimoja kinakula uzi, tunakiita Mkwe.
Wakataka namba ya mlipakodi, katiba ya kikundi,
muhtasari wa kikao, barua ya benki,
na sahihi ya kila mmoja.
Bi. Asumini Nalyoto hakuwahi kushika kalamu.
Wiki mbili alijifunza jina lake
kwa chaki ya kushonea, juu ya kitambaa,
akiandika, akikung'uta, akiandika.

Zabuni ya kwanza tuliweka bei ya huruma.
Tulidhani serikali ni jirani,
ukimpunguzia leo atakukumbuka kesho.
Tukasahau nauli ya majora kutoka Mtwara,
tukasahau kodi,
tukasahau kwamba na sisi tunakula.
Na bado tukaanguka,
kwa ukurasa mmoja usio na muhuri.
Nililia kidogo, kisha nikauliza sababu.
Nikajibiwa! Kwa maandishi!
Zamani ukiuliza uliambiwa, "Mama, nenda kashone."

Ya pili ilitengwa kwa vikundi kama sisi:
mashuka mia mbili na arobaini, wodi ya wazazi.
Bei tukaipima kama kiuno cha mteja mkorofi,
na nauli ndani, na kodi ndani,
na uzi utakaoliwa na Mkwe.
Mwisho, saa nne kamili asubuhi.
Saa tatu na nusu mtandao ukafa.

Tukakimbilia ukingoni, Shimo la Mungu,
Fadhila mbele, mkono juu,
na simu, kwa adabu zake zote,
ikatukaribisha Msumbiji.
Tukarudi nyuma hatua thelathini.
Ukungu. Kijiti kimoja. Viwili.
"Msiuhemee mtandao," Somoe akanong'ona.
Ikapita saa tatu na dakika hamsini na saba.

Tuliposhinda, Nankondya akaja na soda kreti nzima.
Akakaa kwenye kigoda kama mposaji.
"Dada zangu, mtaji hamna. Mkataba ubaki na jina lenu,
kazi niachieni mimi, na ninyi mna fungu lenu
bila kuchomwa sindano."
Fungu lenyewe, nisiseme uongo, lilikuwa nono.
Tukatazamana. Majora yalikuwa ya mkopo,
korosho zilikuwa bado maua.
Bi. Asumini akafuta midomo kwa pembe ya kanga:
"Jina hili nimelisotea wiki mbili, mwanangu.
Halikodishwi."
Soda akaziacha. Tulikunywa.

Tukashona. Mkaguzi akavuta kila pindo,
akarudisha kumi na moja.
Tukafumua usiku kwa taa ya chaji,
tukimtukana, tukijua ana haki.

Pesa? Bado.
Hati imepokelewa, imesomwa, iko mezani kwa mtu.
Korosho zimeanguka, zimeokotwa, zimeuzwa,
na mwenye duka la majora ameanza kunisalimia kwa jina langu lote.
Kila Jumatatu nachukua daftari, naenda kuuliza.
Kuuliza ndiko nilikojifunza.

Jana nilikwenda wodini kumtazama mkwe wa Somoe,
kitoto kimekunja ngumi kama kinadai deni.
Nikageuza pindo la shuka.
Uzi wetu. Mshono mmoja umeruka, kazi ya Mkwe.
Nikatazama huku na huku,
nikalichomeka chini ya godoro,
vizuri,
kama shati la mtoto anayekwenda shule.