Mibofyo Elfu Mbili

Szeged, Januari, saa nane mchana.
Mto Tisza umeganda pembezoni.
Mtoto amelala, na hiyo ndiyo bahati ya kwanza:
Zsombor, wiki sita, ameshiba maziwa,
elektrodi moja pajini, mbili nyuma ya masikio,
pale ngozi ilipo nyembamba
kama utando wa ndani ya yai.

Mama yake, Piroska, ni kiziwi tangu kuzaliwa.
Anatazama mikono yangu
jinsi wengine wanavyotega sikio.

Nabonyeza. Ta, ta, ta, ta.
Kwenye skrini hakuna kitu ila vurugu:
moyo, kope, shingo inayojinyoosha ndotoni,
umeme wa taa, jokofu la wauguzi chumba cha pili.
Jibu la ubongo limo humo humo,
dogo kuliko vyote,
sindano ndani ya gunia la pumba.

Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo,
lakini kompyuta hii hujaza kwa kufuta.
Hulaza kipande juu ya kipande,
hujumlisha, hugawa.
Kelele haina kauli moja:
hapa imepanda, pale imeshuka,
mwisho inajila yenyewe.
Jibu halihami. Kila mbofyo,
milisekunde ya saba, lipo.
Mkweli ni huyo:
aulizwe mara elfu mbili, aseme lile lile.

Sikio la kulia. Mia tatu. Mia tisa.
Elfu moja na mia nne,
na mstari unainuka, kijilima,
wimbi la tano.
Naigeuza skrini. Piroska anakiwekea kidole,
anakipanda, anakishuka, anakipanda tena.

Sikio la kushoto. Elfu mbili.
Narudia. Naongeza sauti.
Elfu nne.
Mstari umelala kama shuka iliyopigwa pasi.

Jana usiku nilifanya mazoezi mbele ya kioo,
namna ya kulisema hili kwa vidole.
Bado nikakosea: badala ya «hasikii»
nikasema jambo fulani kuhusu sabuni.
Akacheka mpaka mabega yakatikisika,
kisha, polepole, ili nimwelewe:
La kulia la baba yake.
La kushoto langu.

Zsombor akaamka, akalia.
Piroska aliiona mistari yote
ikipasuka kwa pamoja kwenye skrini,
akainuka, akamchukua,
waya zikining'inia.