Dakika Tisini

Ajenda namba tano, kikao cha ndaki, saa nane mchana,
feni inakata joto vipande vipande na kuturudishia.
Je, mhadhiri alazimike kufanya kazi nje ya chuo
walau mwaka mmoja kabla ya kupandishwa cheo?
Mwenyekiti ananitazama. Najua kwa nini.

Miaka kumi na minne nimefundisha zege.
Nimelichora ubaoni, nimelipima kwa milinganyo,
nimeliandikia makala sita; mbili zimenukuliwa Uturuki.
Nikawaambia vijana: tangu maji yakutane na saruji
mna dakika tisini.
Wakaandika. Tisini. Wakapigia mstari.
Dakika hizo zinapitia barabara gani, sikusema. Sikujua.

Mwaka jana nikachukua likizo bila malipo
(mke wangu alisema: bila akili)
nikaripoti kwenye ghorofa tisa, Kariakoo,
kofia ya njano, buti za kunibana kidole gumba.
Msimamizi alikuwa Sikudhani Mwinyikondo,
niliyempa D mwaka ule wa mvua nyingi.
Hakunikumbusha. Alinipa ndoo.

Siku ya kwanza gari la zege lilitoka Tegeta saa nne.
Mwenge, likasimama.
Morocco, likasimama: msafara wa mkubwa unapita.
Jangwani, tope la juzi bado halijazolewa.
Dakika ya mia na arobaini likaingia kinyumenyume,
tumbo likizunguka polepole kama mtu anayetafuna bila njaa,
dereva akipaza sauti: "Ongezeni maji, lilainike!"
Vibarua wakanyanyua ndoo. Na mimi nilikuwa na yangu.

Hapo, waheshimiwa, ndipo nilipojua kwamba nina kitu.
Nilisema hapana.
Nikaeleza, bila ubao, bila chaki:
maji haya yanalainisha leo, kesho yanakula nguzo.
Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho,
kisha akauliza, bila kejeli:
"Sawa, daktari. Na hili lililopo tulifanyeje?
Zege halilali."

Nikafungua mdomo. Jua likaingia.

Alilirudisha. Gari zima. Akasaini hasara
kwa kalamu iliyofungwa uzi kwenye kibao,
akapiga simu mbili, akabishana ya tatu:
kuanzia kesho tunamwaga saa saba usiku.
Saa saba usiku sijawahi kuiona kwenye kitabu.
Barabara tupu, muuza kahawa akigonga vikombe,
zege likishuka bichi, bado lina baridi,
na mimi nikiangalia saa yangu: dakika arobaini na moja.

Profesa Mbonile anasema chuo si karakana.
Ni kweli. Na karakana si chuo:
nimemwona fundi wa miaka thelathini
akirudia kosa lilelile kwa mkono mwepesi ajabu.
Dokta Kaijage wa hisabati amenyoosha kidole:
"Na mimi wa namba tasa, niende kiwanda gani?"
Tumecheka. Jibu lake sina.

Kuhusu kulazimisha, naogopa.
Kinacholazimishwa hapa kwetu huzaa muhuri;
tutapiga picha na kofia za njano,
tutarudi na barua ya kampuni ya shemeji,
na buti hazitakuwa na tone la saruji.

Lakini mnisikilize kidogo kabla hamjapiga kura.
Jumatatu nilishuka stoo ya mitihani ya zamani,
nikapiga chafya nusu saa, nikaupata wa Sikudhani.
Swali la tatu: zege lina muda gani?
Aliandika, kwa mwandiko wa kuinama:
Dakika tisini, kama hakuna foleni.

Nilikuwa nimeyakata yale maneno matatu
kwa wino mwekundu,
na pembeni nikaandika:
haihusiani na swali.