Utepe

Usifungue kifuniko injini ikiwa moto.
Baba alinifunza hilo kabla hajanifunza kusoma saa,
akanionyesha mkono wa kushoto, ngozi iliyokunjamana
kama utando wa maziwa yaliyochemka.
"Ona. Mvuke haupigi hodi."

Kwa hiyo nimesubiri usiku kucha.
Kemijärvi, wiki ya pili ya Oktoba,
ziwa bado halijaamua kuganda,
na gari lake jekundu limelala gerejini,
pua juu ya magogo mawili.

Baba ameketi kwenye kreti ya bia na kofia yake ya sufu,
ananitazama kama mgeni mwenye adabu.
"Gari la nani hili?"
La Taisto, nasema.
"Jina hilo nalijua."

Nalala chali juu ya kadibodi,
zege inaninyonya joto mgongoni.
Koki iko chini kulia, ya plastiki,
ya kugeuzwa kwa vidole tu, ukitia koleo umeivunja
(hilo nalo ni lake).
Kwanza tone.
Kisha tone lililokosa subira.
Kisha yote kwa pamoja, katika beseni
nililoogeshewa utotoni:
si kijani tena, ni rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni,
na chembe za kutu zikizunguka humo.

Beseni linapanda rafuni papo hapo.
Sumu hii ni tamu. Mbwa wa Kyllikki
alilamba kidimbwi kimoja tu, hakufika Jumapili.
"Maskini Rekku," anasema Baba.
Jina la mbwa analo. Langu bado analitafuta.

Maji safi. Hita wazi hadi mwisho.
Injini ingurume dakika kumi, zima, ipoe, mwaga.
Tena.
Tena.
Mara ya nne yanatoka maangavu,
naviona vidole vyangu ndani yake.

Ndipo nikauona utepe,
umebandikwa juu ya fremu ya rejeta, chini ya vumbi la mafuta.
Naufuta kwa dole gumba. Mwandiko wake,
tarakimu wima, hazijaegemea popote:
Oktoba 2008. Oktoba 2011. Oktoba 2014.
Kila mwaka wa tatu, kama deni.
Halafu tarehe 3 Oktoba 2017.
Tarehe 5 Oktoba 2017.
Tarehe 6.
Tarehe 6 tena, kalamu imekandamizwa hadi utepe ukachanika.

Daktari aliandika 2020. Sote tulisema 2020,
mwaka wa sufuria iliyoungua.
Kumbe alikuwa hapa, peke yake, taa hii hii,
akimwaga kipozeo kipya kilicho kijani kama nyasi
ili atie kipya,
akisoma utepe na kutomwamini aliyeandika.
Mimi nilikuwa Oulu. Nilipiga simu.
"Nimelihudumia gari," alisema.
Nikacheka: unalienzi kuliko sisi.
Akanyamaza kidogo. Nikadhani ni mtandao.

Baba, njoo nishikie faneli.

Anainuka, na mikono inafika kabla yake.
Nusu kipozeo, nusu maji ya betri,
anamimina ukingoni, taratibu, hakuna aliyemwambia,
anasimama, anaminya hosi ya juu,
mara mbili, tatu, kama anayemcheulisha mtoto.
Blu, inajibu rejeta. Blu.
"Bado ina hewa," anasema. "Usifunge."
Sifungi.

Hita inaanza kupuliza vuguvugu kwenye viti vitupu.
Nabandika utepe mpya, nampa kalamu.
"Leo tarehe ngapi?"
Namwambia. Anaandika, wima.
Anapuliza wino ukauke,
anauliza leo tarehe ngapi.
Namwambia,
nikiichukua kalamu polepole mkononi mwake,
naitia mfukoni.