Likumbi la Kifuani

Ilianza na kope.
Asubuhi mama anabangua korosho kuliko mashine,
kokwa moja moja, nyeupe, zima, daraja la kwanza;
ikifika adhuhuri jicho la kushoto linashuka
kama turubai la duka wakati wa swala ya Ijumaa,
na vidole vinasahau kazi.

Newala ina majibu mengi kwa jicho lililolegea.
Jirani: ananidharau, hata kunitazama hataki.
Shangazi Fadhina: kuna mtu anaionea gere mikorosho yake.
Mimi, mwanawe, nikasema: mama, lala.
Akalala. Akaamka mzima.
Jioni sauti ikatokea puani
na uji nao ukafuata njia hiyo hiyo.

Kule Ndanda, Daktari Nandonde alimwambia atazame dari
asipepese. Tukatazama dari sote.
Kabla ya kufika sitini kope zikateremka,
zote mbili, polepole, bila ruhusa.
Kisha akagonga mfupa wa kifua changu, si chake
(mimi ndiye niliyekuwa naulizauliza):
Nyuma ya hapa pana tezi. Thaimasi.
Umekwenda jando?

Nilikwenda. Tulikuwa kumi na wanane.

Basi unaijua, akasema.
Chembe nyeupe huzaliwa ndani ya mifupa, mbumbumbu,
hazijui adui wala ndugu.
Huingia humo kama mlivyoingia ninyi.
Humo huoneshwa vipande vya mwili mzima:
hili ini, huu msuli, hii ngozi ya kidole,
hivi ni vyenu, msiviguse.
Asiyeweza kusoma chochote hufia humo.
Anayemkaba ndugu huamriwa ajimalize.
Katika mia hutoka watatu, pengine wanne.
Hao ndio walinzi wako
unapokunywa maji usiyoyajua.

Nikawaza: sisi tuliingia kumi na wanane
tukatoka kumi na wanane.
Kumbe tulifundishwa kwa huruma.

Siku ya kutoka tulikatazwa kugeuka nyuma.
Tulisikia tu makuti yakilia motoni,
tukanusa moshi wa mahali tulipolala.
Nayo thaimasi, ukishabalehe, huanza kusinyaa,
mwaka hadi mwaka ikigeuka mafuta,
kwani waliofuzu wameshafuzu.
Mjomba Mkwanda, mchinjaji, haoni jipya hapo:
mwanambuzi ana nyama laini nyeupe juu ya moyo,
beberu hana. Hakujua tu kwamba ni shule.

Likumbi la mama halikuungua.
Umri wake hamsini na tatu, nalo bado linapokea wanafunzi.
Limeota uvimbe, bibo zima na korosho yake,
na somo limepinda:
linawatoa vijana wanaoamini
kwamba msuli wa mwenye nyumba ni mgeni.
Kwa uchochezi wao milango inazibwa,
ile midogo, ambamo neno la mshipa humwingia msuli.
Inua, unasema ubongo.
Tafuna. Meza.
Msuli hausikii.

Dar walimfungua kifua wakaitoa.
Usiku ule, kwenye benchi la korido, nilimpigia daktari:
Sasa nani atafundisha?
Akanyamaza kidogo. Angekuwa kichanga, ningeogopa.
Kwa umri wake wapo waliofuzu zamani,
wanazeeka naye, wanakumbuka.

Sitasema amepona.
Simu yake hulia kila baada ya saa nne, anameza kidonge,
anarudi kwenye gunia.
Siku nyingine jioni turubai hushuka tena,
upande mmoja, nusu.
Mimi nikioga husimamisha kidole katikati ya kifua
na kubonyeza. Hakuna kinachojibu. Majivu hayajibu.

Juzi jirani alikuja kuomba radhi.
Mama akaweka korosho chini akamtazama,
macho yote mawili, wazi,
kwa muda mrefu kupita adabu,
hadi jirani ndiye akapepesa.